Gari Dogo la Chama: Tulipime Kabla ya Kulinunua

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa usafirishaji wa Chama Kikuu mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, Chimwaga, Dodoma. Yanachapishwa hapa kwa ombi la vyama vilivyohudhuria, na kwa faida ya vile ambavyo havikuweza kufika.)

Katika barua zinazofika ofisini kwetu kutoka katika vyama, liko swali linalorudi kila baada ya mavuno. Chama kimeuza alizeti au zabibu zake, kimelipa wanachama, kimebakiwa na akiba kidogo, na sasa wajumbe wanauliza: je, tununue gari? Na wanapotaja gari hawataji lori. Wanataja gari dogo la magurudumu manne yanayovuta, lile ambalo madereva wetu huliita "foo-wili", lililokwisha kutumika Japani au la mkononi hapa hapa nchini, kwa sababu bei yake inaonekana kufikiwa.

Swali hilo ni halali, na wala si anasa. Katibu anayetembelea vitongoji 8 kwa baiskeli kupima mazao hawezi kuwa Dodoma mjini benki siku hiyo hiyo. Lakini nimekuja kuwaambia jambo moja, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake: gari halinunuliwi mara moja. Hununuliwa kila siku linapotembea, na hata siku linapolala. Bei anayotaja muuzaji ni malipo ya kwanza tu. Chama kinachopima bei hiyo peke yake kimenunua mbuzi kwenye gunia.

Somo la Kongwa

Kabla ya kuingia katika hesabu, naomba tukumbuke jambo lililotokea karibu nasi, upande wa mashariki wa mji huu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa. Vita vilikuwa vimekwisha, matrekta mapya yalikuwa adimu, kwa hiyo wakuu wa mpango wakanunua mitambo iliyobaki ya kijeshi, mingine ikitoka mbali hadi Ufilipino. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Bei ilionekana nzuri. Lakini mitambo ile ilikuwa imechoka, spea zake hazikupatikana, mafundi hawakutosha, na ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu kama saruji. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000; zilizosafishwa hazikufika hata 8,000. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, baada ya mamilioni ya pauni kuteketea.

Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi, wala sisemi kwamba mitambo kuukuu ndiyo pekee iliyouangusha mpango. Nasema kwamba watu wenye elimu na fedha nyingi kuliko sisi walisahau kuuliza maswali matatu mepesi. Mtambo huu umefanya kazi gani kabla ya kufika kwetu? Spea zake ziko wapi? Ardhi yetu inautaka mtambo wa namna gani? Maswali hayo matatu ndiyo nitakayowaomba mrudi nayo vyamani.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Wala sisemi haya kama mtu aliyezaliwa akiyajua. Miaka ya nyuma nilikuwa katibu wa chama cha msingi. Chama sitakitaja, wala muuzaji sitamtaja, wala jina la gari halihitajiki. Mwezi wa Juni, wakati wa ukavu, tulikwenda mjini wajumbe watatu, tukaona gari jeupe, safi, linang'aa, viti vyake vizuri. Muuzaji alikuwa amekwisha kuliwasha kabla hatujafika. Tulilizunguka, tukapiga matairi mateke kama wanunuzi wote wafanyavyo, tukalipa.

Mwezi wa Januari mvua zilipokolea, tulipeleka mbegu za alizeti katika kitongoji kilichoko ng'ambo ya mbuga. Gari likakwama katika udongo mweusi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba magurudumu ya mbele peke yake ndiyo yaliyokuwa yakivuta. Umbo lilikuwa la foo-wili, lakini kazi haikuwa ya foo-wili. Katika kuhangaika kujitoa, injini ikachemka. Fundi alipoifungua akakuta kwamba haikuwa mara ya kwanza kuchemka. Mbegu zilifika baada ya siku 9, na wanachama wa kitongoji kile walipanda wamechelewa.

Katika mkutano mkuu uliofuata, mama mmoja mtu mzima alisimama akaniuliza: "Mwanangu Katibu, gari hili linatutumikia sisi, au sisi ndio tunaolitumikia?" Watu walicheka, mimi sikucheka. Swali lile ndilo lililonifundisha kuhesabu.

Kwanza: je, chama kinahitaji gari?

Ndugu Wanaushirika, hebu tufanye hesabu pamoja. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano. Kila chama kiweke zake. Bei za mafuta hazina haja ya kubahatisha, maana EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi.

Tuseme chama kimetumia shilingi 18,000,000, yaani 15,500,000 za kununua gari na 2,500,000 za matengenezo ya mwanzo. Tuseme baada ya miaka 5 gari litauzwa kwa 8,000,000. Maana yake kila mwaka thamani ya shilingi 2,000,000 inayeyuka, hata kama gari limelala chini ya mwembe. Bima kubwa tuiweke 750,000 kwa mwaka. Dereva alipwe 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Jumla ya gharama hizi zisizotazama kama gari limetembea au halikutembea ni shilingi 6,350,000 kila mwaka.

Sasa ziko gharama za mwendo. Gari likienda kilomita 10 kwa lita moja, na lita ikiwa shilingi 3,000, kila kilomita inakula shilingi 300 za mafuta. Ukiongeza matairi, kubadilisha oili na vichujio kila kilomita 5,000, pamoja na akiba ya matengenezo, utafika karibu shilingi 473 kwa kilomita.

Chama chenye kazi nyingi, kinachotembea kilomita 15,000 kwa mwaka, kitatumia jumla ya shilingi 13,450,000 hivi, karibu shilingi 900 kwa kila kilomita. Chama kidogo kinachotembea kilomita 4,000 tu kitatumia 8,200,000 na zaidi. Kila kilomita kwao ni zaidi ya shilingi 2,000. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, lakini mwenye safari chache analipa zaidi ya mara mbili kwa kilomita.

Tulinganishe na kukodi. Tuseme gari la kukodi pamoja na dereva wake ni shilingi 120,000 kwa siku, mafuta juu yetu, na safari ya siku ni kilomita 100. Siku moja itagharimu 150,000. Siku 40 za kukodi ni shilingi 6,000,000, nazo ni chini ya gharama ya kumiliki. Siku 150 za kukodi ni shilingi 22,500,000, nazo ni mzigo usiobebeka. Mizani inakuwa sawasawa kwenye siku kama 62. Kwa hesabu hii ya mfano, chama ambacho kazi zake za gari hazifiki siku 60 kwa mwaka kikodi, na kazi ndogo zifanywe kwa pikipiki. Chama kinachovuka siku 80 au 90 kina haki ya kufikiri kununua. Vyama viwili au vitatu jirani, kila kimoja chenye siku 30, vinaweza kununua pamoja kwa mkataba wa maandishi. Huo nao ni ushirika.

Msihesabu safari za Dar es Salaam kama sababu ya kununua gari. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha huko kwa saa chache, na mabasi yapo. Tena, gari dogo la aina hii si la kubebea mazao. Limeundwa kwa ajili ya watu watano na mizigo yao. Mkilijaza magunia ya alizeti mpaka darini, mtakuwa mnasaga shokapu, bushi na ekseli kwa mikono yenu wenyewe. Kwa mazao kodini lori.

Pili: gari la namna gani kwa ardhi yetu?

Barabara kuu zetu leo ni za lami. Kwenda Morogoro, kwenda Iringa, kwenda Babati, gari lolote dogo litafika. Ugumu huanza tunapoiacha lami. Uwanda wetu una mvua chache, nazo huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Wakati huo makorongo yaliyokuwa makavu hushuka maji kwa saa chache na kuacha mchanga mzito, na mbuga za udongo mweusi hugeuka kuwa utelezi. Kwa hiyo mambo matatu ya umbo yatazamwe: tumbo la gari liwe juu ya ardhi kiasi cha sentimeta 20, mlipime kwa rula wala msisikilize maneno, magurudumu yote manne yavute kweli, na matairi yawe ya ukubwa unaopatikana madukani Dodoma.

Sikusudii kutangaza biashara ya kampuni yoyote, lakini makatibu wameuliza kwa majina, nami nitajibu kwa majina.

Toyota RAV4 inajulikana kwa kila fundi, na spea zake zimejaa. Lakini katika zile za kati ya mwaka 2000 na 2005, ziko zenye injini ya lita 1.8 ambazo huvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Namba ya muundo wake huanza na ZCA. Zile za lita 2.0 zenye kuvuta kwa magurudumu manne huanza na ACA. Namba hizo zimeandikwa katika kibati kilichomo ndani ya boneti. Nyingi za lita 2.0 zilizotoka Japani zina injini ya D-4, ambayo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo hautaki petroli chafu, na si kila fundi wa kijijini anayeumudu.

Suzuki Escudo, ambayo masoko mengine huiita Grand Vitara, ile ya kabla ya mwaka 2005 imejengwa juu ya chesisi kama lori dogo, na zile zenye kuvuta kwa magurudumu manne zina gia ya ziada ya nguvu kwa ajili ya mchanga na tope. Kwa njia zetu za vijijini ina faida. Hasara yake ni kwamba hunywa mafuta zaidi kuliko umbo lake linavyoonyesha, na safari yake hutikisa.

Nissan X-Trail ina nafasi na starehe. Ile ya kwanza, ya mwaka 2000 hadi 2007, injini yake ya lita 2.0 inajulikana kwa kula oili inapochakaa, kwa hiyo kijiti cha oili kitazamwe kwa makini. Ile iliyofuata mara nyingi ina giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika, yaani CVT. Giaboksi hiyo hutaka oili yake maalumu na haipendi joto la kuhangaika katika tope. Ikiharibika, matengenezo yake yaweza kumeza akiba yote ya chama.

Kila moja lina sifa na kasoro. Mjumbe asije akasimama katika mkutano na kusema, "Tununue hili kwa sababu mwalimu wa shule analo." Mwalimu hapeleki mbegu ng'ambo ya mbuga mwezi wa Januari.

Tatu: bei ya Japani na bei ya nyumbani

Wengi wetu huona bei katika intaneti na kushangilia. Naomba ieleweke kwamba bei ile mara nyingi ni ya gari likiwa bado bandarini kwao. Juu yake kuna nauli ya meli, bima ya safari, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, gharama za bandari, malipo ya wakala, usajili, na mafuta ya kulileta Dodoma. Aidha, sheria zetu huongeza ushuru kwa gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa, na mzigo huwa mkubwa zaidi likipita miaka 10. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo chake katika intaneti. Ingizeni aina ya gari na mwaka wake kabla ya kutuma hata senti moja. Mara nyingi mtakuta kodi zinakaribia au kupita bei ya gari lenyewe.

Ni vyema pia tujue kwa nini Wajapani huyauza. Kwao gari la binafsi hukaguliwa na dola baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na ukaguzi ule una gharama. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake hupanda. Kwa hiyo magari mengi huuzwa yakiwa bado na uhai, na hiyo ni bahati yetu. Lakini mengine yamegongwa na kunyooshwa, au yameingiwa na mafuriko, au yameliwa na chumvi inayomwagwa barabarani katika mikoa yao yenye theluji. Ombeni karatasi ya mnada: gari lenye herufi R mahali pa daraja kwa kawaida limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Na malipo yaende katika akaunti ya kampuni, kamwe yasiende kwa jina la mtu.

Kuhusu gari la mkononi, iko desturi ya kupima umri kwa herufi ya namba: "hili ni namba D, hili ni namba E." Herufi ile inaonyesha ni lini gari liliandikishwa hapa Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Namba mpya yaweza kubandikwa juu ya gari la miaka 15. Mwaka wa kutengenezwa umo katika kadi ya gari, someni kadi.

Nne: siku ya kukagua

Nendeni asubuhi mapema, na mwambieni muuzaji tangu jana yake kwamba gari lisiwashwe. Mkifika, wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, amekwisha kuficha jambo. Ahirisheni au ondokeni. Fundi mmchague ninyi na kumlipa ninyi, asiwe rafiki wa muuzaji. Kisha fuateni utaratibu huu:

1. Karatasi. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Jina la muuzaji lilingane na kitambulisho chake. Hakikisheni kwa Mamlaka ya Mapato kwamba gari halina deni wala zuio, na kwa mfumo wa Polisi kwamba halidaiwi faini za barabarani.

2. Injini ikiwa baridi. Fungueni kifuniko cha rejeta. Maji yawe safi; yakiwa na mafuta juu yake, au oili chini ya kifuniko chake ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vimechanganyika. Muulize fundi kama thamostati ipo. Baadhi ya mafundi huiondoa ili kuficha gari linalochemka. Na visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Rejeta iliyonyweshwa maji hayo miaka mingi huziba.

3. Kuwasha. Funguo ikifunguliwa, taa za tahadhari za dashibodi ziwake zote, na injini ikiwaka zizimike. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa. Mtazame moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia ndani ya injini.

4. Bodi na tumbo. Nafasi kati ya milango ziwe sawa kila upande. Inueni zulia, udongo laini wa matope chini yake au kutu katika vyuma vya viti ni dalili ya mafuriko. Gari lipandishwe jeki, fundi atazame chesisi, bushi, boljointi na difu.

5. Matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika gari linalovuta kwa magurudumu manne, matairi yote yawe ya ukubwa mmoja na uchakavu mmoja, la sivyo difu itaumia.

6. Kuendesha. Si dakika 5 kuzunguka gereji. Muda wa saa nzima: lami, changarawe, na mlima. Geuzeni usukani hadi mwisho mkizunguka polepole. Mlio wa "ka-ka-ka" ni ekseli zilizochoka. Gia ya otomatiki ikichelewa kushika au ikishtuka, ni onyo. Foo-wili ijaribiwe katika mchanga. Mkirudi, mtazame kipimo cha joto, na mchungulie kama kuna tone chini.

7. Kilomita. Tarakimu za dashibodi hurudishwa nyuma kwa urahisi. Linganisheni na usukani, pedali na kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma haijatembea kilomita 60,000.

Muuzaji akikataa hata moja kati ya haya, shukuruni kwa heshima na mrudi nyumbani. Magari ni mengi kuliko akiba ya chama.

Tano: fedha ni ya wanachama

Ndugu Makatibu, hapa nawasihi sana. Uamuzi wa kununua si wa katibu wala wa mwenyekiti. Upelekwe katika mkutano mkuu ukiwa na hesabu yake yote, ikiwemo ile 6,350,000 ya kila mwaka, na uingizwe katika makisio. Ikiwa mnakopa, kumbukeni kwamba Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 inataka mikopo isivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Kamati itafute angalau magari matatu ya kulinganisha, na mjumbe ambaye muuzaji ni ndugu yake aseme mapema na akae pembeni.

Fedha zote zisiende kwa muuzaji. Katika mfano wetu, 2,500,000 zimewekwa kando kwa oili zote, mikanda, breki, betri na matairi. Mtakapolipokea gari, hizo ndizo zitakazotumika wiki ya kwanza. Chama kinachobaki na shilingi sifuri siku ya kununua kitaliegesha gari mwezi wa tatu.

Kadi iandikwe jina la chama, isiandikwe jina la mwenyekiti hata kama ni kwa muda tu. Kiwepo kitabu cha safari: tarehe, mwendo, kilomita za kuanza na za kumaliza, lita za mafuta, sahihi. Mkaguzi wa COASCO atakapofika asikute dereva anakumbuka kwa kichwa. Na gari lisiende harusini isipokuwa kwa malipo yaliyopangwa na kamati. Najua hapo nimewaudhi baadhi yenu, lakini nimesema.

Hitimisho

Ndugu Wanaushirika, wahenga walisema rahisi ghali. Gari lililotumika laweza kuwa rahisi kweli, nami naliunga mkono kwa chama chenye kazi ya kulipa. Lakini urahisi wake hutokana na maswali tuliyouliza kabla ya kulipa, maana kila swali tuliloliacha litaulizwa tena katika mkutano mkuu, na wakati huo jibu litakuwa na bei.

Nimesema nilifanya kosa. Gari lile tuliliuza kwa hasara, na kwa miaka 3 chama kilikodi. Katika miaka hiyo tuliandika kila safari katika daftari la kurasa 96. Daftari hilo ndilo lililotuonyesha kwamba siku zetu za kazi zilikuwa zimefika 84 kwa mwaka. Ndipo tukanunua tena, kwa kura ya mkutano, gari lililokaguliwa asubuhi likiwa baridi. Mama yule aliyeniuliza swali alikuwepo siku ya kulipokea. Alilizunguka, akainama kutazama chini yake, kisha akaniuliza kama maguu ya nyuma nayo yanavuta. Nilimjibu, "Yanavuta, mama." Akasema, "Basi tuonyeshe mchangani."

Tulikwenda kumwonyesha mchangani. Nanyi nawaombeni, kabla ya kutia sahihi, mwambieni muuzaji awaonyeshe mchangani.